Vidonge vya Mke Wangu Vilipoanza Kuzaa

Vidonge vya mke wangu vilianza kuzaa siku ya Jumapili, saa moja na robo asubuhi.

Sitanii.

Kopo lilipaswa kuwa na vidonge kumi na vinne. Mke wangu alivimwaga kwenye sahani, akavihesabu kwa ncha ya kisu, akapata thelathini na vitatu.

Akarudia. Thelathini na vitatu.

Akaja kuniamsha kwa kunivuta dole gumba la mguu.

"Hebu hesabu wewe."

Nikahesabu. Mimi nikapata thelathini na vinne, lakini kimoja kilikuwa kifungo cha shati langu.

Sasa ngoja nikueleze uzito wa jambo hili. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu. Akikuambia umechelewa dakika nne, usiangalie saa, omba msamaha tu. Kila mtu anamwita Mwalimu, na mimi pia, hata tukiwa wawili chumbani. Mtu huyu hakosei kuhesabu.

Na vidonge vyenyewe si vya mafua. Mwalimu anaishi na virusi vya UKIMWI tangu kabla hatujakutana. Anameza kidonge kimoja kila siku, saa moja asubuhi, na hajawahi kuruka.

Mimi ni fundi makochi. Mara ya tatu tulipoonana alikuja kwenye karakana yangu, akakaa kwenye kiti cha mteja kilichokuwa kinasubiri mguu wa nne, akasema, "Kuna kitu lazima ukijue kabla hatujafika mbali."

Akakisema. Chote, bila kuzungusha.

Nikashusha pumzi. "Ah, umenitisha bure! Nilidhani umeolewa."

Alicheka mpaka kile kiti kikaanguka naye.

Tukaenda kliniki pamoja. Nikapimwa, sina. Tukafundishwa, tukaelewa, tukaoana. Miaka miwili baadaye tukarudi kwa muuguzi yule yule tukiwa na swali moja.

Muuguzi mwenyewe ni mwembamba kama rula, ila ana sauti ya mtangazaji wa mpira.

"Mtoto? Karibuni sana! Dada, kipimo chako cha mwisho virusi havionekani kabisa. Vikilala hivyo, huyu bwana humwambukizi kwa tendo la ndoa. Ukiendelea kumeza hivyo hivyo wakati wa mimba na wakati wa kunyonyesha, na mtoto tukampa dawa yake ya maji akizaliwa, hatari kwake inakuwa ndogo mno. Ila usiruke dawa. Hesabu vidonge vyako kila Jumapili. Kazi iliyobaki ni yenu, mimi siwezi kuja kuwasaidia."

Foleni yote nje ilisikia. Mimi nikatoka nimeinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sarafu.

Mwalimu akachora kalenda. Siku za kupata mimba akazizungushia wino mwekundu, kama anasahihisha mtihani. Tukaanza kazi kwa bidii na nidhamu.

Halafu mama yangu akaja.

*

Mama yangu ni mjane na fundi cherehani mstaafu. Ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Alishuka na begi moja, mkasi wake mkubwa na rula ya mbao ya kupimia nguo, akasimama mlangoni akamtazama Mwalimu tumboni kabla hajamtazama usoni.

"Nimekuja kukaa wiki sita," akasema. "Nisipoona dalili ya mjukuu, naongeza."

Nyumba yetu ni chumba na sebule. Mama akapewa kochi kubwa la sebuleni.

Tatizo la mama ni moja. Anapanga vitu vya watu. Kabla hajamaliza chai alikuwa ameingia chumbani kwetu na kunikunjia chupi zangu kwa mpangilio wa rangi. Mwalimu aliwahi kopo lake la vidonge juu ya meza ya kioo sekunde mbili kabla mkono wa mama haujafika.

Utauliza, kwa nini mnamficha?

Ni kwa sababu ya redio. Mwaka uliotangulia mama alikuja kutusalimia. Kikaanza kipindi cha afya, kinazungumzia virusi vya UKIMWI. Mama akaruka kutoka jikoni na mikono inachuruzika maji, akaizima redio, halafu akanyamaza mchana kutwa.

Mama yangu kunyamaza! Mimi niliishi naye miaka ishirini na sikuwahi kuona kitu kama hicho.

Tukafikia uamuzi, mimi na Mwalimu: huyu asijue kamwe.

Basi nikatumia ujuzi wangu. Alipoenda kuoga, nikachana kitambaa cha chini ya kochi lile kubwa, nikashona mfuko mrefu kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia, nikautia zipu. Zipu niliyokuwa nayo ilikuwa na vichwa viwili, kimoja kila upande. Nikasema haidhuru, ndiyo uzuri zaidi.

Mwalimu akabandua lebo ya kopo, akalitia upande wa kushoto. Kila asubuhi mama akiwa jikoni anachemsha chai, Mwalimu anapiga magoti kama anatafuta kandambili, zzzip, anameza, zzzip, anaondoka.

Nilijiona fundi wa mafundi.

Siku ya tatu akaja jirani yetu, Mama Pacha, kumpa mama pole ya safari. Mama Pacha ana mwili wa kutosha, na sauti ya kutosha pia. Akajitupa kwenye kochi.

*Shaka-shaka-shaka-shaka.*

Akainuka kidogo, akakaa tena.

*Shaka-shaka.*

"Fundi, kochi lako linapiga kayamba?"

"Springi," nikasema.

Mwalimu akakohoa. Mama naye akakohoa. Wakati huo sikujiuliza kwa nini mama naye anakohoa.

Jioni ile Mwalimu akajaza pamba ndani ya kopo ili vidonge visipige kelele. Tatizo likaisha, tukapongezana.

Kisha ikafika ile Jumapili. Pamba haipo, na vidonge ni thelathini na vitatu.

Nikakaa kitandani nikafikiri kwa kina.

"Mwalimu, labda vimekula pamba vikanenepa. Halafu vikazaa."

Akaniangalia vile anavyoangalia mwanafunzi aliyeandika jina lake vibaya.

"Sisi tunahangaika na kalenda," nikaendelea, "vyenyewe vimetangulia."

Kuanzia hapo akawa anahesabu kila siku. Jumapili, thelathini na vitatu. Jumatatu, kumi na vinne, na pamba imerudi. Jumanne, thelathini na kimoja, pamba imeondoka. Akachora grafu. Ilifanana na meno ya msumeno.

Mimi ilikuwa inanichekesha mpaka Jumatatu ile jioni, nilipomkuta amekaa ukingoni mwa kitanda na daftari lake mapajani, kalamu imedondoka.

"Jumapili nilimeza kimoja," akasema. "Kwa hiyo leo vilipaswa kuwa kumi na vitatu. Vipo kumi na vinne."

"Kwani kimoja…"

"Kimoja ni siku nzima. Maana yake kuna siku sikumeza, na sikumbuki. Kama nimesahau siku moja, nimesahau ngapi? Kama virusi vimeamka? Kama nimeshakupa wewe? Kama tayari kuna mtoto humu ndani?"

Akashika tumbo lake kwa mikono miwili.

Kicheko kikanikatika. Kwa miaka yote ile nilikuwa sijawahi kumwona Mwalimu akiogopa namba.

*

Kesho yake, nilipofunga karakana mapema, tukaenda kliniki.

"Vinaongezeka?" muuguzi akauliza. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Dada, nina miaka kumi na tisa hapa. Nimeona vinapungua, nimeona vinapotea, nimeletewa vilivyotafunwa na panya. Kuongezeka sijaona."

Akatutoa damu wote wawili. Yangu kuona kama bado sina, na majibu akanipa hapo hapo: sina. Ya Mwalimu ya kupima wingi wa virusi, na pia mimba. Mimba hakuna. Majibu ya virusi yangechukua wiki mbili.

"Mpaka yatoke, lile zoezi lenu lisimame, au mtumie kondomu. Sitaki kubahatisha. Na wewe dada, endelea kimoja kila siku. Usimeze viwili eti unafidia. Na usilie, hujaharibu kitu."

Akatupa boksi zima la kondomu. Nikalitia ndani ya mfuko wa shati, likakataa kuingia, nikalibeba kwapani.

Nililificha chini ya godoro.

Nimeshakuambia mama anapanga vitu.

Nilirudi kutoka kazini siku iliyofuata nikamkuta amekaa mezani, boksi liko mbele yake, mikono ameikunja kifuani. Mwalimu amesimama karibu na dirisha, anatamani kupita katikati ya nondo.

"Kaa," mama akaniambia.

Nikakaa.

"Hii ni nini?"

"Mama, hiyo…"

"Najua ni nini! Unadhani wewe ulinunuliwa dukani?" Akalipiga boksi kofi. "Mimi naamka na sala ya mjukuu, nalala na sala ya mjukuu. Kumbe nyinyi huku mmejenga ukuta!"

"Ni kwa muda tu, mama," Mwalimu akasema kwa sauti ndogo.

"Muda gani? Niwe nimekufa? Zipo ngapi humu?"

"Mia moja na arobaini na nne," Mwalimu akajibu kabla hajajizuia.

Mama akashika kichwa.

Siku nne hakuniita mwanangu. Aliniita "huyu bwana". "Huyu bwana apewe chai." "Huyu bwana asogeze miguu nifagie."

*

Nikaamua kumkamata anayechezea dawa za mke wangu, awe mtu, panya au jini.

Mama huamka saa kumi na mbili, anaenda kuoga kabla maji hayajakatika. Siku hiyo nikaaga mapema kwamba nawahi kazi. Alipoingia bafuni nikafungua mlango, nikaufunga nikiwa ndani, na maji yaliposikika nikalala chali, nikajisukuma chini ya kochi kubwa.

Niliona mfuko wangu kwa chini. Mshono mzuri, nikajisifu.

Mama akarudi. Akakaa.

Sponji ile niliiweka mwenyewe na najua ni laini. Kochi likashuka mpaka pua yangu ikalala upande.

Kisha upande wa kulia, mbali kabisa na upande wa Mwalimu, nikaona vidole vya mama vinashuka taratibu.

*Zzzip.*

Mkono ukaingia mfukoni, ukapapasa, ukatoka na kopo. Nikasikia anatikisa, halafu anaongea na vidonge.

"Haya, leo mmekuwa wangapi?"

Damu ikanichemka. Mama yangu mzazi anaiba dawa za mke wangu!

Nikataka kutoka kwa kishindo. Lakini bega likakwama kwenye mbao, kwa hiyo kilichotoka ni kichwa tu, katikati ya miguu yake.

"Mama!"

"MWIZIII!"

Rula ya mbao ilinishukia mara tatu kabla sijapata neno la pili. Mama ameshona sare za shule miaka thelathini, mkono wake haujui kuchoka.

"Ni mimi! Mama, ni mimi!"

"Wewe nani?"

"Huyu bwana!"

Akasimamisha rula hewani. Mwalimu akatoka chumbani mbio, mswaki mdomoni, povu mpaka kidevuni. Akamwona mumewe kichwa kwenye sakafu. Akamwona mama na kopo mkononi. Akaganda.

"Mama," nikasema, "rudisha hizo. Si zako."

"Si zangu?"

"Si zako!"

Mama akaangalia kopo, akaniangalia mimi. Nadhani alisahau kabisa kwamba Mwalimu yupo.

"Nimezimeza miaka kumi na moja," akasema, "leo unaniambia si zangu?"

Mwalimu akameza povu lote.

Mimi nikajaribu kuinuka, mgongo ukanyanyua kochi, na kutoka upande wa kushoto kopo la pili likadondoka. Likabingirika polepole sebuleni, likaenda kugonga mguu wa mama.

Jeupe, halina lebo, kifuniko cha bluu. Sawa kabisa na lile la mkononi.

Mama akainama akaliokota. Akalitikisa. Akafungua. Akavuta pamba.

"Kumbe ni ya huku!" akasema. "Mimi nilipoikuta hii pamba, kama ya maiti, nikajua basi, naitwa. Siku ya pili siikuti, nikasema wameghairi. Ya tatu imerudi. Nimeandika wosia mara mbili!"

Kisha maana ya lile kopo ikamfikia. Nikaiona ikifika. Akageuza shingo taratibu akamtazama mkwewe.

"Wewe?"

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Machozi na povu la kidevuni vikashuka pamoja.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Miaka saba."

"Unameza saa ngapi?"

"Saa moja."

"Mimi saa kumi na mbili na nusu."

Wakatazamana. Mimi nilikuwa bado nimekwama, lakini hakuna aliyejali.

"Niliogopa utakataa kula chakula changu," Mwalimu akasema.

"Na mimi niliogopa utakataa changu," mama akasema.

Hapo wakashikana. Walilia, wakacheka, wakalia tena. Niliita mara mbili nisaidiwe kunyanyua kochi. Mama akaniambia, "Subiri, wakubwa wanaongea."

*

Baadaye, juu ya chai, mama akatueleza yote. Baba alipofariki, daktari alimshauri apime. Akapima, akakutwa nao, akaanza dawa wiki ile ile.

"Wewe ulikuwa ndiyo umeanza kujifunza kazi," akaniambia. "Umetoka kumzika baba yako. Nikasema nitakuambia mwezi ujao. Kila mwezi nikasema hivyo."

"Miezi mia moja na thelathini na miwili," Mwalimu akasema.

"Asante, mkwe wangu."

"Na redio?" nikauliza.

"Ningesikiliza vipi mbele yenu? Uso wangu haufichi kitu. Ningelia."

Kuhusu mfuko, aliuona usiku wa kwanza. Alipitisha mkono chini ya kochi, akagusa mshono, akaujua kuwa ni wangu kwa sababu kona huwa nazikunja vibaya na alinisema toka zamani. Akadhani ni mfuko mtupu, nilioushona kwa kujaribu kazi. Akatia kopo lake upande wa kulia. Watu wakikaa, makopo yanabingirika, kila mtu asubuhi anashika litakalomfikia.

"Nilidhani nazeeka," akasema. "Leo ninavyo arobaini, kesho ishirini. Nikaogopa kumuuliza mtu."

Nilimtazama mama yangu, na rula yake mezani, na nikahesabu mambo yote niliyoyapitia huku yeye yuko peke yake na kopo lake. Nikashindwa kunywa chai. Akaniona.

"Usianze," akasema. "Mimi mzima. Nimekuchapa umesikia."

Kwa kweli nilikuwa nimesikia.

Tukaenda kliniki watatu. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho, akalaza paji la uso juu ya meza, mabega yakatetemeka. Alipoinua kichwa, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Bahati yenu dawa zimefanana. Zingekuwa tofauti tusingecheka. Kuanzia leo kila mtu na kopo lake, na jina lake limeandikwa."

Wiki iliyofuata majibu ya Mwalimu yakatoka. Virusi havionekani. Hakuruka hata siku moja. Kile kidonge cha kumi na nne kilibaki kwa sababu Jumapili alimeza kutoka kopo la mama. Alipoelewa hilo akafuta machozi, akachukua kalamu, akaisahihisha grafu yake yote hapo hapo kwenye benchi.

Mama naye akaomba muuguzi aulize kliniki ya kwao majibu yake ya mwisho. Havionekani.

"Vyangu havionekani zaidi," akamwambia kila mtu aliyekuwa kwenye foleni.

*

Sasa nikuambie, mama kujua siri yetu kulileta shida mpya. Aliichukua ile kalenda ya wino mwekundu akaibandika ukutani jikoni.

Siku ikifika anavaa viatu saa nane mchana.

"Nakwenda kwa Mama Pacha. Narudi saa kumi na moja. Nitapiga hodi mara tatu, na kabla ya hapo nitaimba."

"Mama, si lazima utangaze."

"Sitangazi. Naaga. Huyu bwana amekula?"

Siku moja mvua ilinyesha, na Mama Pacha hakuwepo. Mama akakaa kibarazani saa tatu nzima na mwavuli, akikataa kuingia, akiwaambia wapita njia kwamba anapunga upepo.

Mwezi wa tatu, Mwalimu akakosa siku zake. Alinisubiri karakanani, akaniwekea kipimo juu ya meza ya kukatia vitambaa, mistari miwili.

Niliketi kwenye kigoda nilichokuwa nimetoka kukipaka gundi.

Nilitembea nacho mpaka nyumbani, nusu kwa furaha na nusu kwa sababu hakikubanduka.

Mimba ile ililelewa na wanawake wawili wanaokwenda kwa saa. Saa kumi na mbili na nusu mama anameza chake. Saa moja mama anasimama mbele ya Mwalimu na glasi ya maji mpaka aone koo limeshuka. Kliniki hawakukosa hata miadi moja. Nilipimwa na mimi kila mara waliposema, na kila mara sina.

Binti yetu alizaliwa Alhamisi mchana, hospitali, akiwa na sauti ya Mama Pacha. Muuguzi akampa dawa yake ya maji siku ile ile, akatuonyesha namna ya kupima kwenye bomba dogo. Mwalimu akamnyonyesha huku akiendelea na dawa zake kama tulivyoelekezwa.

Wiki ya sita akapimwa. Hana. Tukaambiwa tusisherehekee mapema, vipimo bado vinaendelea mpaka aache kunyonya. Mama akasherehekea hata hivyo.

Cha mwisho kilifika akiwa na mwaka mmoja na nusu, ameshaacha ziwa. Tulikaa kwenye korido ile. Mwalimu alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Mama hakukaa nasi. Siku hizi anajitolea pale kliniki Jumatano, anawaelekeza wageni. Yule aliyenyamaza miaka kumi na moja, sasa hanyamazishiki.

Muuguzi akatoa kichwa mlangoni.

"Hana!" akatangaza, korido nzima ikasikia. Safari hii sikuinamisha kichwa.

Mwalimu alikaa chini, sakafuni, akamwegemeza mtoto kifuani. Mimi nililia kwa sauti ambayo sitaki kuielezea.

Hapo mama akatokea na watu wawili, kijana wa gereji mwenye ovaroli na mkewe mdogo mdogo, wote macho mekundu. Mke ndiye amekutwa nao juzi.

"Hawa wanadhani ndoto ya mtoto imekufa," mama akasema. "Ongeeni nao."

Yule kijana akanitazama. "Kaka, inawezekana kweli?"

Basi nikamchukua binti yangu, nikampa yule kijana ampakate.

Akamshika kwa uangalifu mno, kama ameshika yai. Mtoto akamtazama. Akamshika pua. Halafu akamkojolea, ovaroli yote, kuanzia mfukoni mpaka gotini.

Mkewe akaziba mdomo. Kijana akatazama yale maji, akamtazama mtoto, akaanza kucheka, na machozi yanamtoka.

"Huyu mzima," akasema. "Huyu mzima kweli kweli."

Ndugu yangu unayesoma, mimi sina elimu kubwa zaidi ya sponji na misumari. Nililolipata ni hili. Kama wewe au mwenzako anaishi na virusi na mnatamani mtoto, nendeni kliniki wawili, muulize, mpime, mmeze dawa kila siku, na msianze mpaka muuguzi aseme tayari. Na ndani ya nyumba, ambianeni. Mama yangu alibeba peke yake miaka kumi na moja kitu ambacho tungekibeba wote, na alikuwa akilala hatua sita tu kutoka kitandani kwetu.

Yule kijana wa gereji amenipigia simu asubuhi ya leo. Mkewe ana miezi mitano.